Unga Ukipanda Bei: Amri ya Bei, Ruzuku kwa Wasagaji, Fedha Mkononi, Mpaka au Ghala la Taifa?

Kila mahindi yanapoadimika Afrika Mashariki, serikali husukumwa kufanya jambo, na mara nyingi huchukua hatua iliyo karibu zaidi na kipaza sauti. Hatua zilizopo hazilingani. Zipo zinazomfikishia maskini nafuu kwa gharama ndogo, na zipo zinazoongeza uhaba uleule uliokusudiwa kuondolewa. Hapa tunazilinganisha kwa macho ya mtu anayeamini soko huria, lakini anayekubali pia kwamba mtoto mwenye njaa Turkana, kaskazini mwa Kenya, au Mabwepande, pembezoni mwa Dar es Salaam, hawezi kuambiwa asubiri mavuno yajayo.

Vigezo vyetu ni vitatu. Je, hatua inaongeza unga sokoni au inaupunguza? Katika kila shilingi ya mlipakodi, kiasi gani kinamfikia mtu mwenye shida? Na hatua hiyo inaweza kusitishwa bila vurugu? Kigezo cha tatu husahaulika sana, nacho ndicho kinachoamua kama hatua ya mwezi mmoja itageuka mzigo wa miaka.

Kwanza, bei ya pakiti inatoka wapi

Chukua mfano wa kukadiria. Gunia la kilo 90 linafika kwa msagaji wa Nairobi kwa shilingi 5,500. Akisaga unga mweupe wa daraja la kwanza atapata takriban kilo 72, yaani pakiti 36 za kilo mbili. Pumba zinazobaki anazikadiria kuuzika kwa shilingi 400 kwa watengeneza chakula cha mifugo. Toa hizo 400, zimebaki 5,100. Gawanya kwa 36, mahindi pekee yamemgharimu karibu shilingi 142 kwa pakiti. Ongeza shilingi 20 za umeme, mishahara, mifuko na lori, kisha 10 za muuza jumla na mwenye duka. Pakiti inafika rafuni kwa 172.

Angalia uwiano huo: zaidi ya asilimia 80 ya bei ni mahindi yenyewe. Msagaji akibanwa mpaka afanye kazi bila faida yoyote, mnunuzi ataokoa shilingi chache tu. Kwa hiyo mjadala wa "wasagaji walafi" huanza mahali pasipo na fedha. Fedha ziko kwenye gunia, na bei ya gunia hupangwa na mvua, mpaka, barabara na uhifadhi.

Amri ya bei

Kenya iliondoa udhibiti wa bei ya mahindi na unga mwishoni mwa 1993. Mwaka 2011 ikaufungua tena mlango huo kwa sheria inayomruhusu waziri kuweka bei ya juu kabisa kwa bidhaa muhimu. Tanzania hutumia bei elekezi, na sukari ndiyo inayojulikana zaidi: mwaka 2016 kilo ilielekezwa kuuzwa shilingi 1,800 wakati uagizaji kutoka nje umebanwa, na sukari ikawa adimu madukani mpaka vibali vya kuagiza vikatolewa.

Rudi kwenye hesabu yetu. Serikali ikisema pakiti isizidi 150, msagaji anatoa zile 30 za gharama na faida za njiani, anabaki na 120. Zidisha kwa 36, ongeza 400 za pumba, na gunia halimfai tena zaidi ya 4,720. Mkulima wa Kitale au dalali wa Busia mwenye gunia la 5,500 hana sababu ya kumuuzia. Atalipeleka kwa anayetengeneza chakula cha kuku, atalivusha mpaka, au atalificha ghalani akingoja amri ichoke. Pengo la shilingi 780 kwa gunia linatosha kulipa lori, rushwa na usiku mmoja wa kuhatarisha mzigo. Unga uliobaki nao hupungua uzito kwenye mfuko, huchanganywa na wa daraja la chini, au huuzwa kwa mlango wa nyuma kwa anayejulikana.

Tanzania iliwahi kupita njia hiyo kwa urefu wake wote. Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Rukwa akalipwa sawa na wa karibu na Dar es Salaam, na gharama ya kusafirisha kilomita zaidi ya 1,000 ikaingia kwenye madeni ya shirika. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 maduka rasmi yalikuwa na foleni na soko la magendo ndilo lililolisha miji. Mwaka 1983 ukaja msako wa uhujumu uchumi: watu wakakamatwa, mali zikataifishwa, na rafu hazikujaa. Bidhaa zilianza kurudi baada ya bajeti ya 1984 kuruhusu watu kuagiza kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi. Zimbabwe ilijaribu njia hiyohiyo Juni 2007 ilipoamuru bei zikatwe kwa takriban nusu, na maduka makubwa yakawa matupu ndani ya wiki chache.

Kuna hali moja ambayo amri ya bei inaweza kuwa na hoja: muuzaji mmoja tu, hakuna wa kushindana naye, na bidhaa haiwezi kupelekwa kwingine. Umeme wa gridi ni mfano. Mahindi yana maelfu ya wauzaji na mipaka isiyozibika, kwa hiyo hoja hiyo haiyahusu.

Ruzuku kupitia wasagaji

Hii ndiyo hatua inayopendwa zaidi mwaka wa uchaguzi, na ndiyo inayohitaji kuchambuliwa kwa undani, maana kwa juu inaonekana ya huruma na haina ukatili wa amri. Serikali haimlazimishi mtu. Inamlipa msagaji tofauti, naye anauza chini.

Kenya imeifanya mara mbili katika kumbukumbu za karibuni. Mei 2017 pakiti ya kilo mbili ilishushwa hadi shilingi 90, na serikali ikawauzia wasagaji mahindi yaliyoagizwa kwa shilingi 2,300 gunia. Julai 2022, wiki tatu kabla ya uchaguzi, pakiti iliyokuwa 205 ilitangazwa kuwa 100. Wengi wanakumbuka kilichofuata: ukienda dukani unga wa mia haupo, au upo asubuhi na saa nne umekwisha, na aina nyingine zisizo kwenye mpango bado ziko bei ya juu.

Kwa nini rafu hukauka wakati fedha zimetengwa? Sababu ziko nne, na huja kwa mpangilio.

Kwanza ni madai. Msagaji anauza leo kwa hasara na kudai tofauti kwa hati. Wizara inahakiki, hazina inachelewa, na mtaji wa msagaji unakauka. Mwenye kinu kidogo asiye na mkopo wa benki hujitoa wiki ya pili, na waliobaki ni wakubwa wachache. Mpango uliokusudiwa kushusha bei unapunguza ushindani.

Pili ni wateja wapya. Unga ukiwa nusu ya bei, hoteli, shule za kulipia, watengeneza pombe na hata wafugaji wa nguruwe huununua. Kila pakiti wanayochukua imelipiwa na kodi, na mama wa mtaa wa Mukuru, Nairobi, anayenunua kwa gorogoro (kopo la kupimia) baada ya kibarua cha jioni anakuta imekwisha.

Tatu ni mpaka. Pakiti ya mia Kenya ikiwa na thamani ya mia mbili upande wa pili, boda boda hazikosi kazi.

Nne ni bei mbili za gunia. Mwaka 2017 serikali iliuza kwa 2,300, na msimu wa mavuno ulipofika bodi ya nafaka ikanunua kwa 3,200. Bei ya kununulia ilikuwa juu ya ile ya Uganda pia, kwa hiyo wafanyabiashara walileta mahindi ya bei nafuu kutoka ng'ambo ya mpaka na kuyapeleka kwenye maghala ya bodi kama wakulima. Mwaka 2018 likawa sakata la kitaifa: wakulima halisi walikaa miezi bila kulipwa huku wengine wakiwa wamelipwa mapema. Hakuna afisa, hata mwadilifu kiasi gani, anayeweza kulinda pengo la shilingi 900 kwa gunia katika kila lango la ghala.

Sasa hesabu ya thamani. Rais William Ruto alipoapishwa tarehe 13 Septemba 2022 alisema ruzuku ya unga imekula shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila matokeo. Chukua takwimu hiyo kama ilivyo. Kenya ilikuwa na kaya milioni 12.1 katika sensa ya 2019. Bilioni 7 ukizigawa sawasawa ni kama shilingi 578 kwa kila kaya, ya tajiri wa Karen na ya mchoma makaa wa Kitui. Ukizigawa kwa pengo la shilingi 105 kwa pakiti, zinatosha pakiti milioni 66.7, chini ya pakiti sita kwa kaya kwa mwezi mzima. Familia ya watu wanne hutumia karibu kumi. Kwa hiyo hata ingeendeshwa bila senti kupotea, karibu nusu ya mwezi ingebaki bila nafuu. Foleni ilikuwa ndani ya hesabu tangu siku ya kwanza.

Fedha mkononi

Sasa peleka bilioni hizo saba moja kwa moja kwa wenye shida. Tuseme theluthi ya kaya, milioni 4, ndizo zilizo maskini. Kuzifidia kikamilifu, pakiti kumi mara shilingi 105, ni shilingi 1,050 kwa kaya. Jumla ni bilioni 4.2. Bilioni 2.8 zinabaki, na bei dukani haijaguswa: bado inamwambia mkulima wa Uganda apakie lori, inamwambia tajiri apunguze, inamwambia mwenye ghala atoe sasa kabla mavuno hayajaishusha.

Hapa ndipo wanaosema watetezi wa soko hawana huruma hukosea. Mwanauchumi Friedrich Hayek alieleza mwaka 1945 kwamba bei hubeba habari ambazo hakuna ofisi moja inayoweza kuzikusanya. Milton Friedman, mtetezi mkali wa soko kuliko wengi, alipendekeza mwaka 1962 kwamba mwenye kipato kidogo aongezewe fedha na serikali badala ya kuingilia bei. Mawazo hayo mawili yanashikana. Ukitaka kumsaidia mtu, ongeza uwezo wake wa kununua. Amartya Sen, mwanauchumi ambaye hayuko kambi moja nao, alionyesha kuhusu njaa ya Bengal, India, ya 1943 kwamba watu walikufa kwa sababu walikosa uwezo wa kupata chakula, na si kwa sababu tu chakula kilipungua.

Hofu ya kawaida ni kwamba fedha zitapandisha bei. Ushahidi mzuri upo nyumbani kwetu. Huko Siaya, shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya kwa zaidi ya kaya 10,000, na watafiti wakafuatilia bei katika masoko ya jirani. Mfumuko uliopatikana ulikuwa chini ya asilimia 1. Sababu ni kwamba maduka yalikuwa na uwezo wa kuagiza zaidi. Lakini Siaya haikuwa na uhaba wakati huo, na ina barabara. Mahali ambapo lori halifiki, fedha zitagombania mifuko ileile michache, na hapo nafaka yenyewe ndiyo msaada sahihi. Maeneo ya ndani ya Turkana na Mandera wakati wa ukame mkali yako kwenye kundi hili.

Mifumo ya kulipia ipo. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, yatima na wenye ulemavu mkubwa. Ina pia mpango wa kinga dhidi ya njaa uliolipa shilingi 2,700 kwa mwezi Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Tanzania ina TASAF, inayolipa kaya maskini kwa mizunguko. Udhaifu wao uko wazi. Inua Jamii huchagua kwanza kwa umri na hali, si kwa umaskini pekee, hivyo kijana wa vibarua Kibera mwenye watoto watatu hayumo, na bibi wa mtaa wa wenye nacho huenda yumo. Malipo huchelewa miezi, jambo ambalo kwa mtu anayenunua unga kila jioni ni sawa na kutolipwa. Majina hewa hujitokeza pale orodha inapoandikwa na mtu mmoja bila kusomwa hadharani.

Ili njia hii ifanye kazi mwaka wa shida, maandalizi hufanywa mwaka wa neema:

1. Orodha ya kaya maskini ihusishe mijini, isomwe kwenye baraza la mtaa, na irekebishwe kila baada ya miaka miwili.
2. Kiwango cha kuanzia kiandikwe kwenye kanuni. Kwa mfano, wastani wa bei ya unga wa mwezi ukizidi wastani wa mwezi huohuo katika miaka mitatu iliyopita kwa asilimia 30, malipo yanaanza bila kungoja hotuba.
3. Malipo yaende kwa simu au benki mara mbili kwa mwezi, kwa jina la anayepika.
4. Kiwango cha kusitisha kiandikwe pamoja na cha kuanzia. Ongezeko hilo likirudi chini ya asilimia 15, malipo yanakoma.

Kipengele cha nne kikiachwa, posho ya dharura itakuwa haki ya kudumu na bajeti ya mwaka ujao haitakuwa na nafasi ya dharura nyingine.

Mpaka

Hatua za mpakani ni mbili zinazopingana: kuzuia mahindi yasitoke, na kuruhusu mengine yaingie.

Tanzania ilizuia usafirishaji nje mwaka 2008, tena 2011, tena 2017. Hoja ilikuwa chakula kibaki nyumbani. Kinachobaki ni bei mbovu kwa mkulima. Mtu wa Sumbawanga yuko karibu na Tunduma na soko la Zambia na Kongo kuliko Dar es Salaam. Ukimfungia Tunduma umemwachia mnunuzi mmoja au wawili, nao watamnunulia kwa bei wanayotaka. Msimu unaofuata atapunguza ekari za mahindi na kupanda alizeti au maharage, na miaka miwili baadaye uhaba unarudi ukiwa mkubwa zaidi. Mahindi yanayotoka kwa njia za panya hayapimwi, hayalipiwi ushuru, na hayahesabiwi, kwa hiyo hata takwimu za akiba ya nchi huharibika.

Upande wa pili wa rekodi ni 2024. Ukame wa El Niño uliikausha Zambia, na Tanzania ikakubali kuiuzia tani 650,000. Hiyo ndiyo faida ya mkulima kujua kwamba mwaka wa ziada hautamwadhibu.

Kwa Kenya, ambayo hukosa karibu kila mwaka, swali ni ushuru. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa mahindi kutoka nje ya jumuiya ni asilimia 50. Tuseme shehena inashuka Mombasa kwa shilingi 30,000 kwa tani. Kwa gunia la kilo 90 ni 2,700, na ushuru unaongeza 1,350. Kuondoa ushuru huo kwa muda hakutoi shilingi kwenye bajeti, hakuhitaji hati za madai, na kunaongeza mahindi kweli. Kati ya hatua zote za serikali, hii ndiyo tunayoiweka karibu na fedha mkononi.

Hatua hii huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni wakati. Kutoka kuagiza hadi kupakua, mzigo wa ng'ambo huchukua wiki sita hadi kumi, kwa hiyo tangazo la Septemba huleta meli Novemba, wakati wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu wanavuna. Novemba 2022 serikali ilipotangaza kuruhusu magunia milioni 10 bila ushuru, wakulima wa kaskazini mwa Bonde la Ufa walipinga kwa sababu hiyohiyo, na walikuwa na haki ya kulalamika kuhusu kalenda. Uamuzi wa kuagiza unafaa kufanywa kati ya Februari na Aprili, makadirio ya mavuno ya msimu uliopita yakishajulikana.

Ya pili ni vibali. Ushuru ukiondolewa kwa kampuni kumi zilizochaguliwa, zile 1,350 kwa gunia haziendi kwa mnunuzi, zinabaki kwa mwenye kibali, kwa sababu hakuna ushindani wa kumlazimisha ashushe. Ondoa kwa kila mtu anayetimiza masharti ya ubora, au usiondoe kabisa. Masharti yenyewe ni machache na yanapimika: unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yote ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikabadili kwa kuandikisha waagizaji na kudai cheti cha kila shehena. Uamuzi wa pili ulikuwa bora. Unamkamata mwenye mzigo mbovu na kumwacha mwenye mzigo safi apite Namanga.

Ghala la taifa

Hapa watetezi wa soko wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaosema wafanyabiashara wataweka akiba wakiachwa, na stakabadhi za ghala zimewapa chombo: Tanzania ina sheria yake tangu 2005, Kenya tangu 2019. Mkulima anaweka mzigo, anapata karatasi ya kukopea, anauza bei ikipanda. Ni kweli, lakini mfanyabiashara haweki akiba ya janga la mara moja kwa miaka kumi, hasa akijua kwamba siku bei ikipanda serikali itamwita mlanguzi na kumnyang'anya.

Malawi ni onyo kwa pande zote. Ghala la taifa liliuzwa karibu lote mwaka 2000 na 2001, likiwa na deni kubwa na likishauriwa na wafadhili kupunguza akiba. Mwanzoni mwa 2002 njaa iliua watu. Hatuwezi kutetea soko huria kwa kujifanya hilo halikutokea.

Tunapendelea akiba ndogo yenye kanuni ngumu: inatosha miezi mitatu ya maeneo yasiyofikiwa na biashara, inanunuliwa kwa zabuni kwa bei ya soko, inazungushwa kila mwaka kwa mnada kabla haijaliwa na dumuzi, na kiasi kilichomo kinatangazwa kila mwezi. Akiba ya siri huogopesha. Mfanyabiashara asiyejua kama serikali itamwaga tani laki moja kesho haagizi chochote leo.

Kuhusu ruzuku ya mbolea, iliyochukua nafasi ya ile ya unga Kenya mwaka 2022 kwa bei ya 3,500 badala ya 6,500 kwa mfuko wa kilo 50: inaelekezwa kwenye uzalishaji, na hilo ni afadhali. Lakini haisaidii mtu anayenunua unga mwezi huu, na mgawanyo kupitia mnyororo mmoja wa serikali una hatari yake. Mwaka 2024 mifuko isiyo na ubora iliwafikia wakulima kupitia mpango wenyewe, wakati wa kupanda ukiwa umeshafika. Vocha ambayo mkulima anaweza kuitumia kwa muuza pembejeo yeyote ingemwachia nafasi ya kumkimbia muuzaji mbovu.

Zikiwekwa bega kwa bega

| Hatua | Unga sokoni | Nani hufaidi zaidi | Huharibikia wapi | Kuisitisha |
|---|---|---|---|---|
| Amri ya bei | Hupungua | Mwenye kujuana na muuzaji | Magendo, uzito pungufu | Ngumu, bei huruka |
| Ruzuku kwa wasagaji | Haubadiliki sana | Wasagaji wakubwa, wanunuzi wakubwa | Madai kuchelewa, uvujaji | Ngumu kisiasa |
| Fedha mkononi | Huongezeka kidogo | Kaya zilizo kwenye orodha | Orodha mbovu, kuchelewa | Rahisi ikiwa kikomo kimeandikwa |
| Kuzuia kuuza nje | Huongezeka msimu mmoja, kisha hupungua | Wasagaji wa ndani | Mkulima huacha zao | Hasara hubaki |
| Kuondoa ushuru wa kuagiza | Huongezeka | Wanunuzi wote | Wakati mbaya, vibali vya wachache | Rahisi ikiwa ina tarehe |
| Ghala la taifa | Huongezeka kwa muda | Wa maeneo ya mbali | Siri, bei mbili, wizi | Huisha likiuzwa |

Mtunga sera wa Kenya katika mwaka wa ukame aanze na kuondoa ushuru mapema mwaka, kwa kila muagizaji na kwa tarehe ya mwisho isiyosogezwa, kisha fedha kwa theluthi ya chini, na ghala kwa kaunti kame pekee. Wa Tanzania katika mwaka wa ziada hahitaji ushuru wala ruzuku. Anahitaji Tunduma na Namanga ziwe wazi, na vibali vya kuuza nje vitolewe kwa siku moja au viondolewe, kwa sababu kibali kinachokaa wiki tatu mezani kinafanya kazi ileile ya marufuku. Ikiwa mwaka wenyewe ni mbaya pande zote, kama mvua zilizokosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022, fedha ziende mijini na vijijini penye maduka, nafaka iende kusikofika lori la mfanyabiashara.

Na ikiwa bunge limeshaamua ruzuku ya wasagaji kwa sababu za kisiasa zisizoepukika, madhara yanaweza kupunguzwa. Iwe kwa dona na unga wa kupima wa posho mili pekee, ambao hoteli na wenye nacho hawaugombanii. Pengo lisizidi shilingi 20 kwa pakiti. Madai yalipwe ndani ya siku saba kwa fedha zilizowekwa benki kabla ya mpango kuanza. Na siku ya mwisho itangazwe kwenye tangazo lilelile la siku ya kwanza.